Tawi la Kila Nyumba: Nilivyoulizia Neno Dugsi

Mimi shule ya serikali sikuiingia, na dugsi niliingia msimu mmoja tu, kisha ngamia wakahitaji mtu wa kuwafuata. Kwa hiyo kwa mambo ya maneno usinitegemee sana. Lakini neno hili, dugsi, liliniganda mwaka jana kama kupe.

Dugsi ndiko watoto wetu Wasomali wanakosomea Kurani. Wenzetu wa pwani wana madrasa, na wazee wao husema chuo. Dereva mmoja wa lori, mtu wa Lamu, aliniambia chuo zamani kilikuwa kitabu. Nikaona sawa, wale walianza na kitabu. Sisi je? Kitabu kule kwetu Hadado, malishoni, tungekitoa wapi? Tulikuwa na ubao wa kuandikia na wino wa makaa na maziwa. Maziwa ya ngamia, si ya mbuzi. Hayo tuyaache.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mwanangu alirudi Garissa, ninakoishi sasa, baada ya masomo yake, akafungua dugsi karibu na soko la mifugo, kwa watoto wa wale waliomalizwa na ukame wakahamia mjini. Chumba cha mabati, mlango una kufuli. Watoto walikuja asubuhi, jua likipanda wakatoroka mmoja mmoja, na wazazi hawakuwarudisha. Mwanangu akasema mambo yakiendelea hivi hadi Ramadhani, atafunga aende Nairobi na mkewe na binti yao. Wanangu wengine wote wako mbali.

Basi nikamwendea mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, mtu wa Hadado kama mimi, mkubwa kwangu ingawa hukataa. Nikamuuliza dugsi ni nini hasa.

"Oday," akasema. Maana yake mzee; huniita hivyo akitaka kunichokoza. "Ukiwa malishoni, upepo ukikuchapa uso, unajificha wapi?"

"Nyuma ya kichaka."

"Na hapo panaitwaje?"

Nikacheka peke yangu. Panaitwa dugsi. Neno nimelitumia maisha yangu yote, sikuwahi kuligeuza nilione upande wa chini.

Akanieleza kwamba upepo hutia mchanga kwenye wino kabla haujakauka. Kwa hiyo kabla ya mwalimu kuketi, kila nyumba ilileta tawi la miiba, matawi yakapangwa upande unaotoka upepo. Hapo nikamkumbuka baba yangu akiburuta tawi kwa kamba, vumbi nyuma yake. Siku ile nilidhani ameadhibiwa.

"Nyumba iliyoleta tawi, mtoto wake hatoroki," akasema. "Mama yake hupita kila siku kuliangalia tawi lake. Dugsi ya mwanao, kuta zake nani alileta?"

"Fundi wa mabati."

"Basi mwambie fundi alete na watoto."

Nikamweleza mwanangu. Yeye huniita Aabo, yaani baba. "Aabo, miiba mjini? Watu watadhani ni zizi."

"Zizini hakuna anayetoroka," nikamwambia.

Kesho yake yule mama akafika na mkokoteni wa punda, na kati ya madumu ya maziwa pana tawi la mathenge, mti huu wa miiba uliovamia mji wetu, angalau siku hiyo ulifaa. Lilikuwa la mjukuu wake anayesoma hapo. Mwanamke mwingine akauliza kuna nini, akaenda kukata lake. Kufikia adhuhuri wanawake walikuwa wakibishana upepo unatoka wapi, mmoja akirusha vumbi hewani aone linaelekea wapi. Watoto wakaketi nje kwenye mkeka, nyuma ya matawi. Wa kwanza kuchomoka alirudishwa na mama yake kwa sikio.

"Nimechomwa mikono kwa ajili yako. Kaa."

Kama neno lilianzia kwenye kichaka kweli, mimi sina hakika. Nimewauliza wazee wawili, wakanipa majibu matatu.

Jioni mwanangu aliuzunguka ua ule, akasimama penye pengo. Mchanga ulikuwa unaingilia hapo, moja kwa moja mpaka alipoketi binti yake.

"Aabo, hapa pamesahauliwa?"

"Hapo ni pa nyumba yako," nikasema.

Akatazama pengo, akanitazama mimi. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akauliza shoka liko wapi.