Bakuli la Mama Onja

Saa nne na robo asubuhi, kantini ya kiwanda cha magodoro inanukia vitunguu. Mama Onja amesimama mbele ya sufuria tatu, mwiko mkono wa kulia, mkono wa kushoto kiunoni. Anachota mchuzi wa maharage kwa ncha ya kijiko, anaupuliza, anausogeza karibu na mdomo. Midomo inafunguka. Kisha anakumbuka, anaguna, na kugeukia dirisha la kugawia chakula.

"Nani zamu yake leo?"

"Mimi, mama!" anaitikia fundi wa kukata sponji, na kufumba na kufumbua ameshafika, vumbi la sponji limemjaa kichwani. Analamba kijiko, anafumba macho, anatafakari. Anasema chumvi hajaisikia sawasawa, aongezewe kidogo apate uhakika.

"Uhakika utaupata saa sita pamoja na wenzako. Imekolea au haijakolea?"

"Imekolea, mama."

"Haya, rudi kwenye mashine."

Fundi anaondoka akijilamba. Miezi minne iliyopita mtu angeambiwa kwamba mpishi huyu ataweka zamu ya waonjaji jikoni mwake, angecheka mpaka mbavu zimuume. Jina lenyewe la Mama Onja wafanyakazi walimpa kwa sababu ya kuonja kwake kusikokwisha. Ana umri wa miaka hamsini na tatu, na kumi na saba kati ya hiyo ameipitisha katika jiko hili, akipika sahani sitini kwa siku.

Yote yalianza siku wahudumu wa afya walipokuja kiwandani kupima wafanyakazi. Mama Onja hakuwa na nia ya kupimwa. "Foleni ilipita mlangoni kwangu, nami nikaona si vizuri kukaa tu," anasema. Majibu yakatoka: kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, ilikuwa 7.4. Akaambiwa inafaa isifike hata 5.

"Nikamwambia daktari, mwanangu, hiyo damu umeichanganya na ya mtu mwingine. Mimi sili."

Na kwa hesabu zake hakuwa akidanganya. Katika sheria za Mama Onja, kula ni kukaa chini, sahani mbele yako, ukanawa mikono. Yeye hajakaa chini mchana tangu aanze kazi hii. Kijiko kinachopita njiani kuelekea kooni hakikuwahi kuitwa chakula.

Daktari, kijana mpole, akamwandikia vidonge na kumpa ratiba ya kurudi kliniki. Kisha akafanya kosa ambalo analijutia mpaka leo. Alitaka mgonjwa wake aelewe, akamwambia mishipa ya damu ni kama bomba la sinki: mafuta mabaya yakizidi hugandia kwenye kuta, njia inakuwa nyembamba, na siku moja inaziba.

Kumweleza mpishi habari za sinki ni kumpa kazi. Mama Onja amezibua masinki maisha yake yote, na dawa yake anaijua: maji ya moto, mengi, mfululizo. Akatoka pale na jibu lake kichwani. Kwa wiki mbili akawa anakunywa maji ya moto kikombe baada ya kikombe, ya moto kweli, ili kilichoganda huko ndani kiyeyuke.

Kilichoyeyuka ni ulimi. Uliungua ukawa hausikii ladha, na mpishi asiyesikia ladha akawa anatia chumvi kwa kukisia. Siku ya tatu ya chumvi hiyo wafanyakazi wa kiwanda kizima walikuwa kwenye bomba la maji ya kunywa, na msimamizi akaja jikoni kuuliza kwa heshima zote kama kuna jambo limemuudhi.

"Daktari alipoyasikia alishika kichwa," anasimulia Mama Onja huku akifuta machozi ya kicheko kwa kona ya khanga. "Akaniambia, mama, sahau sinki. Mishipa haizibuliwi kwa maji ya moto."

Lakini kicheko kinakatika anaponyanyua mwiko wake. Mpini umechakaa, umeingia shimo pale kidole gumba kinapokaa. Shimo hilo hakulichimba yeye. Mwiko ulikuwa wa dada yake mkubwa, naye alikuwa mpishi, aliyemfundisha kazi. Moyo ulimwangusha akiwa jikoni, mwiko mkononi, akiwa na miaka hamsini na minne.

"Naye alikuwa hali, kama mimi," anasema taratibu. "Nikishika huu mwiko nahesabu miaka. Naogopa, siwezi kukuficha. Nacheka sana lakini naogopa."

Aliyemfumbua macho ni nesi wa lishe pale kliniki, mama wa makamo asiyebishana na mtu. Alimsikiliza akiapa kwamba hali, kisha akampa kazi ya nyumbani: siku moja nzima, kila kijiko anachotaka kuonja, akitie kwenye bakuli lenye kifuniko badala ya mdomoni. Kila kipande cha kiazi kinachotoka kwenye karai, kila ukoko wa wali, kila ngozi ya kuku inayomdondokea mkononi kwa bahati mbaya. Kesho yake alilete.

Mama Onja akachukua bakuli dogo. Saa tano kasoro likajaa. Akatafuta kubwa. Jioni alilibeba kwa mikono miwili.

Kesho yake nesi akaliweka kwenye mizani ya watoto wachanga. Kilo moja na robo.

"Nesi, hiki ni chakula cha watu wawili," Mama Onja akasema.

"Ni cha mtu mmoja," nesi akamjibu, "ila alikuwa amesimama."

Hapo ndipo zamu ya waonjaji ilipozaliwa, na ndipo mpishi alipoanza kulitazama jiko lake kwa jicho jingine. Kama bakuli lake lilikuwa linang'aa mafuta vile, sahani sitini zilikuwaje? Kantini ilikuwa inamaliza lita ishirini za mafuta kwa wiki. Akazishusha hadi tisa. Viazi vya kukaanga akavihamishia kwenye oveni, kuku akaanza kumvua ngozi, maharage na mboga za majani vikaongezwa, tangawizi na kitunguu saumu vikachukua nafasi ya mafuta.

Kiwanda kikanuna. Mshona magodoro mmoja, mtu wa miraba minne, alinyanyua jani la kabichi kwa uma akalielekeza dirishani, akasema anaona mpaka ng'ambo. Wengine wakaanza kuja na vyakula vyao. Sahani zikashuka hadi arobaini na moja, na uongozi ulikuwa umeshaweka wazi kwamba zikishuka chini ya arobaini utatafutwa mpishi mwingine.

Mama Onja hakurudisha mafuta kwenye sufuria. Aliyaweka kwenye chupa, chupa akaiweka juu ya kaunta, katikati, mbele ya macho ya watu wote. "Anayetaka mafuta asininung'unikie," akatangaza. "Haya hapa. Ajimiminie mwenyewe."

Kula mafuta yaliyomiminwa na mwingine ni jambo moja. Kuyamimina mwenyewe juu ya kabichi huku wenzako arobaini wakihesabu matone ni jambo jingine. Mshona magodoro, kwa kuwa alishasema sana, ilibidi aende. Akamimina, akarudi kwenye kiti chake, akala bila kumtazama mtu. Hakurudia tena. Chupa ile ipo mpaka leo, imepungua vidole viwili tu, na sahani zimepanda hadi hamsini na nane.

Nyumbani kulikuwa na mtihani mwingine. Mumewe, fundi saa, ni mwembamba kiasi kwamba mtaani wanamwita Njiti. Daktari alipoagiza mgonjwa atembee walau nusu saa kwa siku, Njiti alijitolea kumsindikiza mkewe jioni kutoka kazini, yeye akiwa juu ya baiskeli. Mke anatembea anahema, mume anazunguka pembeni anapiga mluzi, anatazama saa na kumtangazia dakika.

"Nikimwambia apunguze mayai ya kukaanga, ananijibu, mke wangu, mafuta yatakaa wapi kwenye mwili huu?" anasema Mama Onja.

Wiki tatu zilizopita walikwenda pamoja kuchukua vipimo vya pili. Vya mama vilikuwa 5.8. Nesi alimpigia makofi. Njiti naye akapiga, kisha, kwa mzaha, akakunja shati na kunyoosha mkono, akasema na yeye apimwe, ili mkewe aone damu safi inavyofanana.

Alipoitwa kuchukua majibu yake, aliambiwa 7.9.

"Aliomba kipimo kirudiwe," anasema Mama Onja. "Kikarudiwa. Akasema labda wamechanganya damu. Nikamwambia, baba watoto, hayo maneno nilishayasema mimi, tafuta yako."

Daktari alimweleza fundi saa kwamba wembamba haumkingi mtu, kwamba mafuta ya kwenye damu hayaonekani kwa kutazama kiuno. Safari hii hakutaja bomba lolote. Siku hizi Njiti anatembea na mkewe sako kwa bako, baiskeli akiikokota. Mluzi ameuacha. Dakika anaendelea kuzitangaza, ila kwa sauti ya mtu anayetaka zifike haraka.

Saa sita imefika na kengele inalia. Foleni inapinda hadi mlangoni. Mama Onja anagawa chakula akimtania kila anayepita, na mshona magodoro anapokea kabichi yake bila neno. Sahani ya mwisho inapoondoka, mpishi anaegemea kaunta, anapangusa mwiko wa dada yake kwa kitambaa, polepole, kuanzia kichwa hadi kwenye lile shimo la kidole gumba.

Mwezi ujao anatimiza miaka hamsini na minne. Daktari anataka ashuke chini ya 5, na vidonge hajaviacha. Yeye anaupigia hesabu mwaka unaofuata huo, ambao dada yake hakuuona, na mpango wake ameshauandaa.

"Siku nikitimiza hamsini na mitano, siji jikoni," anasema. "Nitapita mlango ule wa mbele kama watu wengine. Nitanawa mikono. Nitakaa chini, pale, meza ya dirishani, niletewe sahani nzima, niimalize."

Na atakayepika ni nani?

Anacheka, anaashiria kwa mwiko nje ya dirisha, ambako baiskeli moja imeegemezwa ukutani na mwanamume mwembamba amewahi kupita kiasi, anatazama saa.

"Huyo pale. Na asithubutu kuonja. Bakuli nitamwachia."