Mkopo wa Baba kwa Jina Langu

Siku tuliyomzika baba, Timbwani, nilisimama kando ya kaburi nikasema yale yasemwayo na kila mtoto mkubwa: yeyote anayemdai marehemu, aje kwangu. Watu wakaitikia, tukaomba dua, tukatawanyika. Kwetu maneno hayo ni ya kumpumzisha maiti. Sikujua kama kuna mtu atakwenda kuyaandika ofisini.

Baba na mimi tulifanya kazi kiwanda kimoja, Changamwe, na sote tulikuwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha pale kiwandani. Alikufa hajamaliza mkopo aliochukua kuezekea nyumba mabati. Sikuwa na wasiwasi. Chama kilikuwa na bima, na mwanachama akifa bima ndiyo inayolipa, familia haidaiwi hata senti.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mdogo wangu wa kike akapata nafasi chuo cha uuguzi. Alikuwa amekataliwa mara mbili kabla ya hapo. Karo ilitakiwa siku ya kuripoti, na mimi ndiye niliyekuwa baba sasa. Nikaenda chamani kuomba mkopo, mtu wa akiba safi, sijawahi kukopa maishani. Karani akanitazama kwa huruma akasema sikopesheki. Nilikuwa na mkopo ambao sijaulipa hata mara moja.

"Mkopo gani?"

"Wa mabati, kaka."

Akaitwa mweka hazina. Alikuwa mtu wetu wa Likoni, tunaswali naye msikiti mmoja, na siku ya mazishi alishika jeneza.

"Mwanangu, mimi nilikuwapo makaburini," akasema kwa upole. "Ulisema deni lije kwako. Nikalihamishia kwako, marehemu alale salama."

"Na bima, mzee?"

"Bima humlipia marehemu mwenye deni. Marehemu hakuwa na deni tena."

Nikamuuliza mbona basi hakuja kunidai. Akainamisha macho. "Ningekudai vipi, nawe umefiwa? Niliona haya."

Haya! Wallahi, mpaka leo neno hilo likitajwa damu inanichemka. Aliona haya kunifungulia kinywa, lakini hakuona haya kuniandika mdaiwa sugu mwezi baada ya mwezi. Alikula pilau ya arubaini kwetu, akanawa mikono, akaniaga, na kumbe kesho yake anakwenda kuniongezea riba. Mwizi ningejua la kumfanya. Huyu alikuwa mcha Mungu, na mcha Mungu akikosea humwambii kitu.

Nikaanza kuhangaika. Ofisi ikasema kosa halifutwi ila na kamati, na kamati ilikuwa imeshakutana mwezi ule. Ilipokutana tena wakataka cheti cha kifo. Nikakipeleka. Wakataka barua ya chifu kuthibitisha kwamba mimi si marehemu, maana majina yetu yanafanana. Nikawaambia nimesimama mbele yenu, nipapaseni. Hawakucheka, nami sikuwa natania. Saa yangu ya chakula ikawa ni ya kukaa kwenye benchi lao, na njaa ikaongeza hasira. Ndugu niliowaomba wakanichangia, haikufika hata nusu ya karo. Siku ya kuripoti ikapita. Chuo kikampa nafasi mtu mwingine.

Mdogo wangu hakunilaumu, na hilo nalo liliniudhi. Alitafuta kazi Nyali, kwenye hoteli, akawa anafua mashuka ya wageni.

Kamati ilikuja kukubali baadaye, bima ikalipa. Mweka hazina akaja nyumbani mwenyewe Ijumaa moja baada ya swala, uso umemnawiri, kumwambia mama kwamba jina langu limesafishwa na sasa nikope nitakacho. Mama akamshukuru. Mimi nilitazama viatu vyake mlangoni.

Mdogo wangu akaingia kutoka kazini, vidole vimechubuka kwa sabuni.

"Ahaa, muuguzi wetu," akasema mweka hazina. "Chuo waonaje?"

"Shikamoo, mzee," akajibu, akaenda jikoni kumtengenezea chai, kwa sababu alikuwa mgeni.

Akainywa yote, akasema ina tangawizi nzuri.