Gari Lisilo na Matabishi

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye ukingo wa Lualaba, likiutazama mto. Niliketi kwenye usukani, nikafunga mlango, na kelele za Kindu zikabaki nje. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado juu ya maji. Visiwa vya nyasi vilishuka na mkondo kuelekea kushoto, polepole, na kadiri nilivyovitazama ndivyo nilivyoona kwamba vimesimama, na kwamba ni mimi ninayekwenda.

Nilikwenda mbali sana. Nilifika mpaka Kampene, alikozaliwa mama yangu, naye ameketi kiti cha mbele na kitambaa kipya kichwani, akilalamika kwamba nakimbiza. Barabara ilikuwa nzuri, jambo ambalo lingetosha kunizindua. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, baba wa watoto watatu, nikiendesha gari ambalo injini yake haijawashwa. Muuzaji alisema betri imepelekwa kuchajiwa. Nilimwamini. Ningemwamini hata angesema imekwenda kusali.

Muuzaji mwenyewe alikuwa kijana wa miwani ya jua, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Aliinama dirishani akaniambia kwamba mfanyabiashara wa madini kutoka Punia yuko njiani, atafika kabla ya adhuhuri, na huyo hatauliza maswali. Rafiki zake wawili waliegemea mlango upande wa pili, wakitikisa vichwa kwa kunisikitikia. Nilisema sina cha kulipa siku hiyo. Akauliza nina nini kwenye mkoba.

Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi ya kiwanja cha Mikelenge. Mama alikuwa amenituma nikaitolee nakala, kwa sababu pembe zake zilianza kulika. Marehemu baba alikiandikisha kwa jina langu, lakini kiwanja kilikuwa cha mama, na kila mtu alijua hivyo, mimi wa kwanza. Nikatia sahihi, kiwanja kwa gari. Kijana akaikunja karatasi, akanitia ufunguo kiganjani, akaondoka haraka. Nikarudi nyumbani kwa miguu, ufunguo wa gari mfukoni, nikitabasamu peke yangu.

Mama alikuwa akimenya mihogo. Nilimwambia habari yote kwa furaha, kama mtu anayeleta zawadi. Kisu kikasimama. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoamka.

Maana miaka ya vita, mji ulipozingirwa na hakuna aliyethubutu kwenda mashambani, kile kiwanja kilikuwa ndani ya mji, nasi tuliishi hapo. Mama alipanda mihogo mpaka mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kila asubuhi aliweka mafungu ya sombe, majani ya mihogo, kizingitini, na kila aliyenunua fungu aliongezewa majani kidogo juu yake. Hayo ndiyo matabishi, na kwetu ndiyo yanayofunga biashara. Kitu ambacho hukupewa matabishi yake bado ni cha muuzaji. Unaweza kukirudisha na hakuna atakayekushangaa.

Kulikuwa na jirani mmoja aliyekuja na beseni tupu, mtoto mgongoni. Aliuliza bei, akasimama, hakununua. Mama alichukua majani akayatia kwenye lile beseni.

“Chukua kwanza matabishi,” alimwambia. “Kununua utanunua siku ingine.”

Alikuja hivyo msimu mzima. Nami niliyeona sufuria yetu ikipungua nilimchukia jirani yule, nikamchukia na mtoto wake. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa mama alifuta mikono kwenye kitenge chake.

“Alikupa matabishi?” aliniuliza.

Nilifikiri. Ufunguo, ndiyo. Matabishi, hapana. Kijana alikuwa na haraka mno.

“Basi hujanunua. Twende.”

Tulimkuta palepale mtoni, na gari halikuwa limesogea. Mfanyabiashara wa Punia hakuwapo, na nadhani hakuwahi kuzaliwa. Niliweka ufunguo juu ya boneti, nikamwambia kwamba narudisha, kwa kuwa hakunipa matabishi. Rafiki zake walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu nao ni watu wa Kindu. Kijana akavua miwani. Akaenda nyuma ya gari, akatoa gurudumu la akiba, akanijia amelikumbatia.

“Hii njo matabishi yako, mwalimu. Pokea.”

Nikaficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa sukari. Yeye akasogea, mimi nikarudi nyuma, mpaka visigino vyangu vikagusa maji. Nilijua nikiligusa tu lile gurudumu, mihogo ya mama imekwenda.

Mama hakumfokea. Alimsogelea karibu, kama anayemwangalia mgonjwa.

“Mutoto yangu,” alisema, “mama yako nilimupatia matabishi mbele ya kununua. Weye ulikuwa mu mugongo yake. Ile sombe ilitoka kwa hii karatasi.”

Kijana alibaki na gurudumu kifuani. Ukungu ulikuwa umekwisha, na mto ulionekana wote mpaka ng'ambo. Aliliweka chini, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akampa mama kwa mikono miwili.

Tulipitia Mikelenge. Njiani nilimwomba mama msamaha, nikamweleza juu ya Kampene na kiti cha mbele. Tulipofika kiwanjani alichuma sombe, akanipa fungu zima, halafu akaniongezea majani mawili juu.

Nilinyoosha mkono mwingine kupokea karatasi, niitunze kama zamani. Mama aliifunga kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo, akatangulia nyumbani.