Gauni la Namba Kumi na Mbili

Kila aliyewahi kupanda treni katika mji ule alimjua Bi Tangazo, na karibu hakuna aliyewahi kumwona. Ndiye aliyewaambia abiria waende jukwaa gani, ndiye aliyewaomba radhi treni ikichelewa, na treni za pale zilichelewa kama vile zinalipwa kwa kuchelewa. Alikaa ghorofani, katika chumba chenye meza moja, kipaza sauti na dirisha lililotazama paa la bati. Alfajiri alipanda kwa ngazi za nyuma, jioni akashuka kwa ngazi hizo hizo. Watu walibishana hata juu ya umbo lake. Wapagazi walisema sauti nzito namna ile haitoki ila kwa jimama. Wauza magazeti wakasema thubutu, ni kimbaumbau tu, wembamba ndio wenye midomo. Angeulizwa mwenyewe, asingeweza kuwaamulia.

Msicheke. Hakuna anayejua umbo lake peke yake, mtu huambiwa. Na sisi ni watu wa kuambiana. Tukipotezana wiki mbili tu, kabla ya kuulizana habari za watoto mmoja keshasema, "Mbona umenenepa hivyo, unatuficha nini?" au "Umekwisha wewe, unaumwa?" Wapo wanaokasirika, na wana haki yao. Lakini maneno hayo maana yake ni kwamba kuna jicho linalokuona leo na linakumbuka ulivyokuwa jana. Bi Tangazo hakuwa na jicho hilo.

Mume alikuwepo zamani, akaenda zake, wala hakusumbuka kuaga. Watoto Mungu hakumjalia. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, na kioo chake kidogo, kilichotundikwa juu ya beseni, kiliishia shingoni. Akirudi kazini alijifunga kitenge, na kitenge hakina namba, kinakubali kiuno chochote. Sare ya kazini ilikuwa sweta pana na sketi ya mpira. Gauni la dukani alinunua kwa nadra sana, pakiwa na safari au sherehe, na namba yake aliijua kama anavyolijua jina lake: kumi na sita. Yeye na marehemu dada yake wote walikuwa kumi na sita, wakiazimana nguo tangu usichana mpaka wakagombana kwa sababu hiyo.

Huyo dada alikufa kwa ugonjwa uliomuua mama yao, na ugonjwa huo ulikuwa na tabia moja mbaya: ulianza kwa sifa. Mama nguo zilimpwaya, watu wakamsifu kwamba amerudi usichanani, na kabla mwaka haujaisha wakamzika. Dada naye vivyo hivyo, nguo kwanza, maumivu baadaye. Bi Tangazo alichukua likizo akaenda kumuuguza, akisaidiwa na binti wa marehemu, mtoto aliyekuwa bado shuleni, aliyejua kumgeuza mama yake kitandani kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Tangu hapo, katika ukoo ule uliobaki na watu wawili, kupwaya kwa nguo kulikuwa ndiyo hodi ya kifo.

Yule binti alikua, akaolewa mji wa mbali, na siku moja akapiga simu.

"Mamdogo, nina mimba. Naogopa. Njoo unishike mkono, mimi mama sina, nina wewe."

"Nitakuja, mwanangu. Treni zikigoma nitatembea kwa miguu."

Bi Tangazo alikaa na simu mkononi, anacheka peke yake kama mwehu. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwambia "nina wewe." Na kwa kuwa mtu haendi kupokea mjukuu na sketi ya mpira, Jumamosi alikwenda kutafuta gauni.

Duka lilikuwa jipya, lina feni na muziki. Binti muuzaji alikuwa anatafuna ubani.

"Namba ngapi, mama?"

"Kumi na sita."

Akapewa, akaingia nalo kwenye chumba cha kujaribia, nyuma ya pazia. Gauni likamshuka mabegani. Kiunoni pakabaki nafasi ya kuweka mtoto. Muuzaji akachungulia.

"Hee! Mama, hii siyo yako. Umepungua wewe!"

Akaletewa kumi na nne, nayo ikapwaya. Akaletewa kumi na mbili, ikakaa sawasawa kama imeshonwa akiwa amesimama pale pale.

"Kumi na mbili! Hongera, mama! Wenzako wanakimbia asubuhi na jioni, hiyo namba wanaisikia tu."

Nyuma ya pazia la pili mwanamke mwingine alikuwa anapiga vigelegele. "Kumi na nne, jamani! Nimerudi kumi na nne! Ngoja nimpigie baba watoto sasa hivi!" Duka zima likacheka naye, na furaha yake ilikuwa ya kweli, tusimnyime. Bi Tangazo alikaa kwenye kigoda, akashika kiuno chake kwa mikono miwili. Gauni alilinunua, maana hakujua atamweleza nini yule binti aliyempa hongera.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kuanzia siku ile kila kitu kilimtolea ushahidi. Sketi ya kazini ililegea, kwa sababu mpira wake ulikuwa umechoka kufuliwa, lakini nani wa kumwambia? Pete ilizunguka kidoleni asubuhi ya baridi. Kwenye kioo aliona mifupa ya mashavu, ile ile aliyozaliwa nayo, akaiona mipya. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo aliijua, ndiyo aliyomtajia dada yake siku alipompeleka hospitali. Ila dada aliingia hospitali ile anatembea, akatoka amebebwa. Yeye hakwenda.

Badala yake alikula. Asubuhi mkate na mayai, mchana wali wa kopo mbili ghorofani, jioni viazi, na maziwa juu yake, kama mtu anayejaza gunia ambalo ana uhakika limetoboka. Chakula hakikuwa na ladha. Kula peke yako ni jambo la kuzoeleka, alilizoea miaka mingi, lakini kula peke yako huku unaogopa ni kazi ya mkono na taya tu. Kwenye kipaza sauti hakubadilika. Abiria waliendelea kuambiwa waangalie mizigo yao, na mwenye sauti alikuwa anahesabu jinsi ya kufa bila kumsumbua mtu.

Ndipo akapitisha uamuzi, na huo ndio ulioharibu mambo. Yule binti alishamwuguza mmoja, hatamwuguza wa pili, tena akiwa na kichanga kifuani. Akapiga simu.

"Mwanangu, sitaweza kuja. Kazi imebana."

"Imebana vipi? Si ulisema una likizo?"

"Wameifuta."

"Mamdogo, kuna kitu nimekukosea?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi sawa," alisema yule binti, kwa sauti ya mtu asiyeona usawa wowote. Baada ya hapo hakupiga tena. Bi Tangazo naye hakupiga. Alijiambia kwamba kimya ni dawa, mtoto azoee mapema.

Miezi ikapita, tumbo likijazwa viazi. Siku moja ya mapumziko akafungua sanduku, ili vitu vyake vikikutwa vikutwe vimepangwa. Chini kabisa palikuwa na gauni la kijani la marehemu dada yake, lenye vifungo mbele, ambalo hakuwahi kulivaa tangu msiba. Alitaka tu kumuaga mwenye nalo. Akalivaa. Mikono ikaingia. Vifungo vya juu vikafunga, vya katikati vikagoma, na alipolazimisha kimoja kikaruka kikagonga ukuta.

Akalivua, akaangalia lebo. Kumi na sita. Akalitandaza kitandani, juu yake akatandaza lile jipya la kumi na mbili. Bega likalala juu ya bega, kiuno juu ya kiuno. Kama kuna lililozidi, ni la kumi na mbili. Alikaa sakafuni akayatazama, na hasira ikaanza kumpanda kabla hata hajaelewa anamkasirikia nani.

Alikwenda dukani na magauni yote mawili. Muuzaji alipomsikiliza, alicheka mpaka ubani ukamtoka.

"Mama, hizo namba zinakusumbua nini? Nguo ni ile ile, wenye viwanda wanashusha namba. Mteja akiona ndogo anafurahi, ananunua mbili. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea sura ya msiba."

"Kwa hiyo sijakonda?"

Yule binti akarudi hatua nyuma, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Ukonde? Samahani, mama, lakini wewe una afya yako. Tena naona hiyo ya kumi na mbili saa hizi itakubana."

Bi Tangazo alitamani aendelee kumtazama. Usilolijua ni usiku wa kiza, na yeye alikuwa ametembea kizani miezi mizima kwa sababu ya kipande cha kitambaa kisichozidi kucha. Na ninyi mnaoshona vipande hivyo, kwanza mliwafundisha wanawake kuogopa namba kubwa, kisha mkawauzia ndogo kama dawa. Hamkufikiria kwamba kuna mtu mahali hana mwingine wa kumuuliza isipokuwa hiyo lebo.

Hakungoja afike nyumbani. Alisimama nje ya duka, kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu.

"Mamdogo." Sauti ya yule binti haikuwa na hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Nimeshajifungua. Wa kike. Wote wazima."

"Alhamdu... Mungu mkubwa! Nakuja, mwanangu. Nakuja kesho."

"Mamdogo, mama mkwe yuko hapa. Uliposema huji, yeye ndiye aliyekuja. Chumba chetu cha wageni unakijua, ni kimoja. Anakaa mpaka mtoto achangamke. Wewe utakuja siku nyingine, ukipata nafasi kazini."

"Haikuwa kazi."

"Ilikuwa nini?"

"Nilidhani nakufa."

"Unaumwa? Mamdogo, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa nani alikwambia unakufa?"

"Gauni," alisema Bi Tangazo, na akaeleza yote, duka, namba, viazi, kifungo kilichoruka. Alieleza vizuri, kwa ile sauti yake ya kazini, maana hakuwa na nyingine iliyo imara. Katikati ya maelezo yule binti alicheka, akashindwa kujizuia, kisha akaacha ghafla.

"Na hapakuwa na mtu wa kumuuliza? Hata jirani? Umwambie tu, hebu nitazame, nimekonda?"

"Hapakuwa na mtu."

"Ungeniuliza mimi. Ungepanda hizo treni zako ukaja, nikakutazama." Sauti ilianza kukatika. "Siku ile ya uchungu nilikuita wewe, Mamdogo. Nilikuita mbele ya mama wa watu, mpaka nikaona aibu."

Kule upande wa pili mtoto akalia, kilio kidogo cha hasira, na simu ikawekwa pembeni bila kukatwa. Akaisikia sauti ya mwanamke mwingine ikikaribia, ya taratibu, sauti ya mtu aliyeshazoea, ikisema njoo, njoo kwa bibi, bibi yupo. Mtoto akanyamaza. Bi Tangazo aliibana simu sikioni asikie hata pumzi. Watu walimpita na mifuko yao ya nguo mpya.

Simu ikainuliwa tena.

"Mamdogo, upo?"

"Nipo," akasema.