Mstari wa Pumzi Moja

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali miaka miwili mfululizo. Nimepakia samaki wakavu Kerio, nimechimba mashimo ya vyoo Lodwar, nimelinda ghala ambalo sikuambiwa lina nini. Kila nilikokwenda nilichora, kwa mkaa ukutani, kwa biro nyuma ya risiti, kwa kijiti mchangani. Macho yangu yalijua kutazama. Mkono ndio ulionikataa. Mstari wangu ulitetemeka kama mguu wa mwanambuzi aliyezaliwa leo.

Kakuma nilikwenda kuandika majina ya vibanda vya biashara. Siku moja, upande wa kambi ya wakimbizi, nilimkuta mama mmoja wa Sudan Kusini ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, shuka jeupe mapajani, akichora tausi. Wanawake wa kwao hutarizi mashuka kwa nyuzi za rangi, lakini kabla ya sindano lazima kuwe na mchoro, na yeye ndiye aliyewachorea majirani. Alitumia biro ya kawaida, ambayo ikishagusa kitambaa haina kurudi nyuma. Kalamu ilishuka kutoka shingo ya yule ndege hadi ncha ya mkia bila kuinuliwa, na mstari haukuyumba hata kidogo.

Nilisimama pale muda mrefu hadi akaniuliza kama nimepoteza mbuzi. Nikamwambia nataka kujifunza. Wanawake waliokuwa naye walicheka, mmoja akasema Waturkana wamemaliza mbuzi sasa wanakuja kumaliza mashuka. Kesho yake nilirudi, nao wakaniamkia kwa kejeli, kwa salamu ya kwetu, "Ejok, bwana mashuka," nami nikaketi pembeni ya mkeka.

Alinipa karatasi ya mfuko wa saruji na kuniambia nichore mstari mmoja tu, wa kushuka. Hakuangalia mstari. Aliangalia kifua changu.

"Wewe unafunga pumzi kama mtu ya kuiba kuku," alisema. "Toa. Shuya shuya."

Hiyo ya mwisho ni Kiarabu cha Juba, yaani polepole. Akaninyang'anya kalamu, na kwa siku tatu hakunirudishia. Kazi yangu ilikuwa kuketi, kiganja tumboni, nikisikiliza hewa ikiingia na kutoka. Siku ya nne nikaruhusiwa mistari. Ukivuta pumzi, kalamu iko juu, jicho linatazama pale mstari utakapofika. Ukianza kuitoa, kalamu inashuka na kwenda nayo. Pumzi ikiisha, simama hapo hapo, hata kama mstari ni mfupi kuliko ulivyotaka. Nilijaza mifuko mizima ya saruji kwa mistari iliyolala sambamba kama mvua ambayo huku haiji. Kisha tukaingia kwenye duara, nusu kwa pumzi moja na nusu kwa nyingine, na pale zinapokutana ndipo uongo wote huonekana.

Mkono ulianza kutulia. Kitu kimoja tu hakuniambia. Mtu akiketi kimya akisikiliza pumzi zake, anasikia na vingine. Nilisikia kwamba katika mji ule hakuna aliyejua nimelala wapi. Nilisikia kwamba simu yangu ilikuwa haijalia wiki nzima na sikuwa nimegundua. Nadhani miaka yote ile nilikuwa nikihamahama ili nisipate nafasi ya kusikia hayo. Mara kadhaa niliiacha kalamu, nikaenda kuzunguka sokoni mpaka miguu ikauma. Nikirudi, mama hakuuliza. Alisogea kidogo kwenye mkeka.

Miezi ilivyokwenda, macho yake yaliingia ukungu. Alianza kupapasa shuka kabla ya kuweka kalamu, na tausi mmoja akatoka na jicho nje ya kichwa. Wakati huo huo habari ikaja kwamba binti yake, aliyebaki ng'ambo ya mpaka, anaolewa. Mama alitaka kumpelekea shuka la arusi. Shangazi za binti wangelitarizi huko huko, lakini mchoro ulipaswa kutoka kwa mama mzazi. Uwe ng'ombe dume mweupe, pembe moja imepinda mbele, kama wanavyozipinda kwao na kama tunavyozipinda kwetu. Angelipeleka mwenyewe, na basi lake lilikuwa la kesho yake asubuhi. Alinipa kalamu, akasema mkono ni wangu lakini ng'ombe ni wake.

Nilichora asubuhi ile nzima. Sijawahi kuchora vile, kabla wala baada. Mgongo ulitoka kwa pumzi moja, na pembe ilipinda kama inajua njia. Niliacha kabisa kufikiri. Nilipoinua kichwa niliona mistari mitatu inayokutana ubavuni mwa yule dume. Ilikuwa chapa ya ukoo wetu, ile baba yangu aliyoichoma kwa chuma cha moto kwenye mifugo yetu kule Lokiriama. Kwetu ng'ombe asiye na chapa hajaisha kuchorwa. Mkono ulimaliza kazi kama ulivyozoea tangu utotoni.

Mama alipitisha kiganja juu ya kitambaa, akitabasamu. Hakuwa ameona. Majirani nao walisifu pembe. Ningeweza kunyamaza, basi lingeondoka nalo.

"Mama, kuna kosa," nilisema. Nikakishika kidole chake nikakiweka ubavuni. "Nimeweka chapa ya baba yangu."

Alikiondoa kidole. Wakwe wangelikunjua shuka mbele ya watu, na kila mmoja wao anajua kusoma ubavu wa ng'ombe.

"Watasema bibi arusi amekuja na mume mwingine kitandani," alisema jirani mmoja, na wengine wakacheka. Mama hakucheka. Mwingine akashauri tufunike kwa ua.

"Ng'ombe haioti maua," mama alimjibu. Kisha akanigeukia. "Baba yako iko hai?"

Nilimwambia sijui. Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu yeyote, wala sikuwa nimelisikia kutoka kinywani mwangu.

Aliingia ndani, akatoka na shuka la kitandani kwake, jeupe, limefuliwa hadi kulainika. Hakuwa na lingine. Alilitandaza, akaketi nyuma yangu na kuweka kiganja chake mgongoni pangu. Nilipovuta pumzi pasipo utulivu, kilikaa kizito, nami nikangoja. Nilipoitoa sawasawa, kilikuwa chepesi. Hivyo ndivyo alivyoona mchoro. Tulifika ubavuni jua likishuka.

"Hapa acha wazi," alisema. "Wataweka yao."

Asubuhi nilimbebea mzigo hadi kituoni. Lile shuka la kwanza aliniachia, akasema lina mwenyewe. Aliniandikisha namba ya simu ya shangazi mmoja, akapanda basi huku akipapasa viti, na sikuona kama aligeuka.

Sasa niko Lodwar, nimepanga chumba Nawoitorong. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, nachora mistari yangu. Mara mbili nimekwenda mahali malori ya kwenda Lokiriama yanapopakia, nikarudi bila kupanda. Namba ile haijawahi kupatikana. Sijui kama shuka lilifika, na kama lilifika, sijui ni chapa gani waliyoitarizi ubavuni.