Matoke ya Swali la Sita

Je, maandishi haya ni ya aina gani, na umetambuaje? Wenzangu tuliosoma pamoja kidato cha pili huku Karagwe, najua mmeshaanza kucheka. Lilikuwa swali la sita katika mtihani wa Kiingereza wa kufunga mwaka, na karibu darasa zima tulilikosa, tena kwa kujiamini kabisa.

Watu huniambia bado ni mdogo mno kusema "enzi zetu". Sawa, ila mtu aliyekwenda shule na fagio begani ana enzi zake hata kama mvi hana. Enzi zetu umande ulilowesha soksi kabla hujamaliza kuipita migomba ya nyumbani, na mfukoni ulikuwa na kahawa za kutafuna ulizochota kwenye kopo la wageni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Sadiki, alikuwa kijana mrefu, mgeni kutoka Pwani. Alitufundisha kwamba kila maandishi yana sura yake. Tangazo husema nini, lini, wapi. Hotuba huanza kwa kuwataja wakubwa waliopo. Maelekezo huamuru, na hatua zake hufuatana. Tulipagawa! Tukawa tunapanga kila kilichosemwa mbele yetu. Katekista akisimama kusoma matangazo, mimi na rafiki yangu Kemilembe tunakonyezana: nini, lini, wapi! Baba akirudi kutoka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anasimama mlangoni: "Mama watoto, majirani zangu, nawe mbuzi uliyefungwa hapo..." Hotuba! Tunacheka mpaka tunafukuzwa jikoni.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kusoma kwa bidii. Mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba atakayefeli Kiingereza atarudia kidato cha pili, na waliokuwa wakipanda kidato cha pili ni kina Projestus, mdogo wangu. Darasa moja na Projestus! Alishaanza kunikaribisha. "Dada, nimekuwekea nafasi dirishani. Lakini darasani utaniheshimu, maana kiranja ni mimi." Mama alimkemea, kisha akageuka akachekea kwenye kanga.

Siku ya mtihani ikafika, na swali la sita likafika. Kifungu kilisema: chukua ndizi mbichi, zioshe, zitie sufuriani na maganda yake, zichemshe, kisha zimenye ule na chumvi.

Na maganda yake! Nilimtupia jicho Kemilembe. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Kwetu mtoto hupewa kisu cha kumenyea matoke kabla hajapewa kalamu. Ndizi ya kuchemshwa na ganda ni ya nguruwe. Nami, mtu wa kuhoji kila kitu, nikahoji: nani mwenye akili timamu anaweza kumwelekeza binadamu hivi? Hakuna. Basi haya si maelekezo. Nikaandika kwamba ni hadithi ya kubuni, tena ya kuchekesha, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kutokea. Kumbe wengi waliandika hivyohivyo. Kemilembe yeye aliandika kwamba ni onyo.

Karatasi ziliporudi, nilikuwa nimefeli kwa pengo la swali hilohilo. Nikasimama.

"Mwalimu, matoke hayo hayapikwi popote duniani."

"Nimeuliza aina ya maandishi, sikuuliza utamu."

"Lakini ni uongo, mwalimu!"

"Maelekezo ya uongo nayo ni maelekezo. Tazama sura: chukua, osha, chemsha, menya. Mimi nimekupa maandishi, wewe unahukumu chakula."

"Menya kwanza, mwalimu!" sauti ikatoka nyuma, na darasa likalipuka.

Mwalimu alijaribu kununa, akashindwa, akacheka nasi. "Haya. Kesho kila mtu alete maelekezo anayoyaamini, kwa Kiingereza, atuonyeshe dalili zake. Atakayeweza, alama za swali la sita ni zake."

Jioni ile nilimganda mama kwenye mafiga. "Mama, nieleze unavyopika matoke, hatua kwa hatua."

"Leo unanipima, waitu, jamani? Menya. Tia kwenye maji yasiwe meusi. Changanya na maharage yaliyoiva. Mwambie baba yako kuni hazina miguu. Funika kwa jani la mgomba."

Niliandika yote, na la kuni sikuliacha, kwa sababu lilikuwa amri na lilikuwa na mahali pake katika mpangilio. Kesho yake nilisoma mbele ya darasa. Nilionyesha amri, nikaonyesha hatua, nikaonyesha vinavyohitajika. Nilipofika kwa baba na kuni, walipiga madawati kama ngoma. Mwalimu Sadiki alifuta machozi ya kicheko, akaandika alama. Nikapanda kidato cha tatu, Projestus akabaki na dirisha lake.

Siku hizi wadogo zangu hupiga picha kifungu, na simu huwatajia aina yake kabla chai haijapoa. Nikiwauliza "umejuaje?" wananitazama kama nimeuliza bei ya mwezi. Sidai kwamba sisi tulikuwa na akili kuwazidi. Swali lenyewe lilikuwa jepesi na tulilikosa. Ila tulilikosa kwa kufikiri, kwa ubishi na kwa kelele, na kosa lile nalikumbuka kuliko majibu mengi niliyopatia chuo kikuu. Hawa watoto watalipata wapi kosa tamu namna ile?

Juzijuzi nilikutana na Mwalimu Sadiki sokoni Nkwenda, kule Kyerwa. Ameoa hukuhuku; nilipompa shikamoo, akanijibu kwa Kinyambo, lugha yetu. Nikamuuliza yale matoke aliyatoa katika kitabu gani.

"Kitabu? Mwanangu, kile kilikuwa chakula changu cha jioni."

Wiki aliyoripoti kazini alijaribu kumenya ndizi, utomvu ukamrukia shatini, na doa la utomvu wa ndizi halitoki. Akabaki na shati moja la kufundishia. Tangu siku hiyo, mwaka ule wote aliotufundisha, alichemsha ndizi na maganda yake ili kuliokoa.