Wa Mwisho Kwenye Kundi la Wababe

Nakumbuka alasiri moja Doha, mwanangu, nikiwa kijana wa kusafisha vyumba hotelini, barua ya kuomba uhamisho mkononi. Ghorofa ya nne tulikuwa wanne, na kila Alhamisi mkaguzi alipitia vitanda na mabafu, kisha akatupanga kwa namba. Wa nne nilikuwa mimi, kila wiki. Lakini wenzangu walikuwa si watu wa mchezo. Salma wa Unguja alirusha shuka mara moja tu, likatua limenyooka. Wambui na Otieno walimfuata kwa karibu sana. Hadi leo nawapa heko.

Mimi niliutamani usimamizi, kwa sababu msimamizi aliruhusiwa kuleta familia, na binti yangu nilimjua kwa picha tu. Ghorofa ya tisa walikuwa wazembe. Nikajiambia, huko nitaongoza, nitaonekana.

Kantini nikamkuta Mzee Shomari wa Tanga, dereva wa hoteli, akitazama marudio ya mpira wa Wamarekani, ule wa helmeti na kuangushana. Aliupenda tangu alipoendesha familia ya Kimarekani kule mtaa wa Muaither, na akiuanza hanyamazi. Akaisoma barua yangu, akanyoosha kidole kwenye runinga.

"Hiyo timu ni ya mwisho kwenye kundi lao la timu nne."

"Basi mbovu, mzee."

"Mbovu wapi? Msimu mzima haikufungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Inakutana na wenzake watatu wa kundi mara mbili mbili, nyumbani na ugenini, na wote wababe. Mwaka mwingine niliona kundi ambalo kinara wake kafungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, na bado akaitwa bingwa wa kundi. Wewe unataka kuwa yupi?"

"Bingwa, mzee," nikasema, nikacheka. Barua nikaipeleka.

Ghorofa ya tisa niliongoza tangu wiki ya kwanza, picha yangu ikabandikwa karibu na lifti ya wafanyakazi. Kwa kuwa hakuna aliyenikimbiza, nikaanza kulegea. Nafasi yangu kule chini alipewa Nakato, binti wa Kiganda ambaye hata foronya ilimshinda kuvisha. Alikuwa wa mwisho mwaka mzima.

Kisha hoteli mpya ya Lusail, mji wa jirani, ikatafuta wasimamizi. Tulipimwa kila mtu na chumba chake. Ghorofa ya nne walipita wote, Nakato akiwemo. Kwangu walikuta vumbi chini ya kitanda. Iliniuma sana, ila sikuweza kuwaonea kijicho, maana kazi yao niliiona. Binti yangu nilikuja kumkuta ameshaanza shule, akanisalimia kama mgeni.

Mwanangu, ukiwekwa kati ya watu wanaokuzidi, usione haya kuwa wa mwisho. Kaa nao, tazama mikono yao, uliza. Kabla ya kufurahia namba yako, angalia kwanza umepangwa na nani. Mungu akukutanishe na hodari kuliko wewe, na akupe moyo wa kutowakimbia.